Mashine Zilizofungwa Mara Mbili

Watu husema mke wa fundi kazi yake ni kukaa. Anakaa kwenye stuli, anapokea mashine, anamwambia mteja "pole, njoo kesho," halafu anamsubiri mume afanye kazi yenyewe. Anakaa! Waje wakae wao, tena mchana wa jua kali, kwenye kile chumba chenye dirisha moja na bati lisilo na dari, kompyuta za mezani zimewashwa zote kwa pamoja na kila moja inakutapikia joto lake usoni. Mke wa Fundi Baridi alikuwa amekaa hivyo tangu mtoto wao wa kwanza ananyonya, na sasa huyo mtoto ana watoto wake. Lakini mwaka huu wa mwisho alichoka uchovu wa namna nyingine, ule ambao unalala nao na asubuhi unakuta umekutangulia kuamka.

Mumewe aliitwa Fundi Baridi kwa sababu mbili, na hakuna aliyekumbuka ipi ilianza. Alikuwa mtu baridi kweli, hapandishi sauti hata mteja akimtukania ukoo. Na kazi yake ilikuwa kupoza kompyuta. Wengine walishughulika na virusi, na vioo vilivyopasuka, na simu. Yeye ukimletea mashine inayochemka, ndipo utamwona anatabasamu.

Kazi yenyewe ukiisikia utadhani ni mchezo. Kompyuta ina ubongo, wanauita prosesa, kidude bapa kama biskuti, lakini ukiuacha ufanye kazi bila kifuniko, mara moja tu unababua kidole. Juu yake hukalishwa kipoza joto, bonge la chuma lenye mapezi membamba yaliyosimama karibukaribu kama kurasa za kitabu, na ubavuni mwa mapezi hayo hufungwa feni. Kati ya prosesa na kipoza hupakwa pesti nyeupe, kidogo tu, kama dawa ya meno ya mtu bahili. Joto linapanda kutoka kwenye prosesa, linapita kwenye pesti, linaingia kwenye mapezi, feni inalipeperusha liende zake. Njia hiyo ikizibwa popote, feni inaanza kulia kama mtu aliyeibiwa, halafu mashine inajizima yenyewe isije ikaungua.

Na kuna kitu kimoja kidogo, cha kijinga kabisa, kinachoziba njia hiyo kuliko vumbi la mwaka mzima. Kipoza kipya kinapotoka dukani, chini yake, pale kinapogusana na prosesa, kimebandikwa ngozi ya plastiki. Nyembamba, angavu, huioni mpaka uielekeze kwenye mwanga. Imewekwa ili chuma kisichubuke njiani. Fundi lazima aibandue kabla ya kufunga. Akisahau, basi kazi yote ni bure.

Fundi Baridi alikuwa ndiye aliyemfundisha mkewe jambo hilo, zamani, wakiwa bado wanacheka wakifanya kazi. Akamfundisha na sheria nyingine: chini ya kipoza hapaguswi kwa kidole hata siku moja, jasho la mkono linaharibu chuma. "Hapo pana heshima yake," alimwambia. "Pashikwe kwa macho tu."

Basi ndiyo hivyo. Macho ya Fundi yalipoanza kufifia, vidole vyake havikuweza kumwokoa, kwa sababu mwenyewe alishavikataza.

Mkewe aliiona ngozi ya kwanza kwenye mashine ya kinyozi wa jirani, alipoifungua kuona kwa nini bado inalia. Akadhani ni haraka tu, akaibandua, akanyamaza. Ikaja ya pili. Kisha akakuta pesti imewekwa pembeni badala ya katikati, kama mtu aliyekosa mdomo akamwagia shavu. Kisha waya wa feni umechomekwa kwenye tundu la jirani, feni inazunguka kivivu kama haijalipwa. Asubuhi moja Fundi alisimama mlangoni akipiga mswaki, jua likampiga usoni, na mkewe akaona ndani ya mboni zake ukungu, mweupe kama maji ya kuoshea mchele. Mtoto wa jicho. Macho yote mawili. 

Alijaribu kusema, msimlaumu bure.

"Baba watoto, hivi twende siku moja kwa daktari wa macho, wote wawili. Na mimi sindano hainiingii uzi siku hizi."

"Nenda wewe mwenye sindano. Mimi macho yangu yana nini?"

"Naona kama yana ukungu."

"Unaona wewe. Na mimi naona. Tatizo liko wapi?" Akacheka. Halafu kicheko kikakatika, akaweka bisibisi mezani polepole. "Mama watoto, nikwambie kitu, na usikirudie tena. Siku nitakayoshindwa kuona skrubu, siku hiyohiyo nafunga duka. Fundi asiyeona ni mwizi, anakula hela za watu kwa kubahatisha. Sitaongozwa mkono kwenye meza yangu mwenyewe."

Jioni ile hakula. Kesho yake akaonja tu. Na mkewe alimjua mumewe, hana maneno ya kutupa. Akisema nafunga, atafunga, na ufunguo atautupa chooni. Alimkumbuka na jirani yao dereva, mzee wa watu, alivyostaafishwa akakaa mlangoni na mikono yake mitupu juu ya magoti, na kabla hata shati la kazi halijachakaa wakamzika. Fundi Baridi bila meza yake asingemaliza mwaka. Hilo alikuwa na hakika nalo kama anavyojua jina lake.

Basi akajiambia: funika kombe mwanaharamu apite. Akalifunika, na akawa analibeba kombe lenyewe kichwani kila siku ya Mungu.

Kila mchana Fundi akishakula huenda chumba cha nyuma kujinyoosha. Usingizi wake ni mzito, unasikia anakoroma mpaka barazani. Hapo ndipo mkewe alipokuwa anaanza kazi. Mashine aliyoifunga mume asubuhi, anaiwasha kwanza kidogo ili pesti ipate moto ilegee, maana ukiking'oa kipoza kikiwa baridi kinaweza kuja na prosesa yake, na miguu yake yote imepinda, na hapo umekwisha. Anaizima. Analegeza skrubu kwa mkingamo, hii kisha ile ya upande wa pili. Anakizungusha kipoza taratibu kulia, kushoto, kama anayembembeleza mtoto aachie titi, kisha anakiinua na kukielekeza dirishani. Ikiwapo ngozi, anaibandua. Anafuta pesti yote kwa spiriti, anatia mpya katikati, anafunga upya, anachomeka waya panapostahili, anaangalia upepo unatokea upande wa nyuma. Kisha anafunga kasha na kurudi kwenye stuli, mgongo unamwuma mpaka meno, na Fundi anatoka ndani akipiga mwayo.

"Umekaa tu hapo?" humwuliza kwa upole.

"Nimekaa."

Spiriti ilimpasua ngozi ya vidole. Kiuno kikawa kama kimechomekwa msumari. Ule muda wa mchana ndio ulikuwa muda wake pekee wa kuegemeza kichwa, kwa sababu asubuhi kuna kufua na kufagia, na jioni kuna jiko, na usiku kuna kusikiliza mume akigeukageuka. Nao huo ukapotea. Akakonda. Wanawake wenzake wakamwuliza kama anafunga. Akawajibu ni joto.

Na jambo moja zaidi lilimchosha kuliko yote, kusema uongo. Fundi alikuwa na tabia ya kukagua mashine kwa mkono kabla ya kumpa mwenyewe. Anafungua kasha, anapitisha vidole juu ya nyaya.

"Huu waya niliupitisha nyuma," alisema siku moja.

"Ulipitisha mbele."

"Mimi?"

"Wewe mwenyewe. Nani mwingine yumo humu?"

Akautoa mkono ndani ya mashine polepole. "Haya," akasema.

Yalitokea mara nyingi, hayo. Hizi skrubu nilizikaza hivi? Wewe mwenyewe. Hii nilikuwa nimeshaifunga? Umeshaifunga, baba watoto, umesahau. Ilifika mahali jibu linatoka kabla ya swali. Naye Fundi akawa anasimama muda mrefu mbele ya mashine iliyokwisha, kiganja juu ya kasha, ameinamisha kichwa. Mkewe alidhani anasikiliza feni.

Sasa kulikuwa na mama mmoja mchora ramani za nyumba, mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Kompyuta yake ilikuwa kubwa, ya kazi nzito, na ilikuwa imeanza kulia. Fundi akamshauri aweke kipoza kipya kirefu, chenye mapezi mengi. Akakifunga asubuhi, anapiga mluzi. Mchana akala, akaenda kulala.

Mkewe akachukua bisibisi. Siku ile alikuwa ameamka na homa ya uchovu, miguu imevimba, hajatia kitu mdomoni ila chai. Akaitazama ile mashine. Ilikuwa nzito, kuigeuza tu ni kazi. Na hasira zikampanda, hasira kavu za mtu aliyechoka: kwani mimi nani? Mimi ni punda wa nani? Labda leo ameibandua. Kwani lazima kila siku asahau? Akaweka bisibisi chini. Akasema nifumbe macho tu, nipate nguvu, nitaamka.

Aliamshwa na ile sauti ya ng'ambo ya barabara. Mchora ramani alikuwa ameshafika, ameshakumbatia mashine yake, Fundi anamshikia mlango wa gari. Mkewe akasimama. Akafungua mdomo. Fundi akageuka akiwa anafuta mikono kwa kitambaa, uso wake umeridhika, na mdomo wa mkewe ukajifunga wenyewe.

Juma halikuisha.

"Fundi Baridi!" Mchora ramani aliitua mashine juu ya meza, puu, jasho linamtiririka. "Fundi wangu, nimekukosea nini unikosee? Nimekaa na mteja, mtu na mkewe, nawaonyesha nyumba yao kwenye kioo, mara feni inalia vuuu, mara giza. Kazi ya siku nzima imekwenda na maji. Yule mwanamke ananiambia, 'Mama, kama kompyuta yako imeanguka, hiyo nyumba itasimama?'"

"Pole sana, mama," alisema Fundi. "Hebu tuione."

Mkewe alikuwa kwenye stuli, hawezi kusimama wala kukaa vizuri. Alimwona mumewe akifungua kasha. Akaiwasha kidogo ipate moto, akaizima, akalegeza skrubu kwa mkingamo, akakizungusha kipoza, akakiinua. Yote sawasawa, mikono haikosei. Kisha akakigeuza akafuta pesti kwa kitambaa, akakitazama chini yake, akakitazama tena, na akasema kwa sauti yake ya upole, "Hapa sioni kasoro."

Mchora ramani akainama. "Na hii nailoni ni ya nini?"

"Ipi?"

"Hii hapa, Fundi. Hii." Akaishika kwa kucha, akaivuta. Ilitoka na mlio mdogo, kriii, na plastiki ile ikabaki inaning'inia kwenye ukucha wake wenye rangi nyekundu.  Akamwangalia Fundi, akamwangalia mkewe, akaangalia viatu vyake.

Mkewe akangoja. Alijua sasa hivi mume atasema nimeshindwa kuona, na atakwenda kuchukua ufunguo.

Fundi alisema, "Nisamehe, mama. Nitakurekebishia sasa hivi bila malipo. Kichwa changu siku hizi si kizima."

Kichwa? Mkewe alidhani hakusikia vizuri.

Akakifunga kipoza upya mbele ya mwenyewe. Pesti ilipokwenda pembeni, mchora ramani alisema taratibu, "Kidogo huku, Fundi," naye akasogeza mkono. Mashine ikawaka, feni ikanong'ona tu. Mchora ramani akaondoka akiwa amepunguza sauti kama mtu anayetoka msibani. Fundi akarudishia mlango nusu, akavuta kiti, akakaa uso kwa uso na mkewe. Alikuwa amezeeka tangu asubuhi.

"Mama watoto, nimekuficha jambo. Nilitaka nikwambie mwenyewe kabla hujaambiwa na watu. Mimi nimeanza kusahau."

"Kusahau nini?"

"Kila kitu. Mikono yangu inasema jambo moja, mashine inasema jingine. Naupitisha waya nyuma, nakuta uko mbele. Naacha tone la pesti, narudi nakuta kipoza kimeshakalishwa. Skrubu ninazozikaza nusu ili nizimalizie mchana, nakuta zimekazwa, nakuuliza, unaniambia ni mimi. Sikumbuki, mke wangu. Sikumbuki hata kidogo."  "Mwanzoni nilidhani ni uzee. Lakini nimemwuguza baba. Unakumbuka baba alivyoanza? Alianza hivihivi. Alikuwa anakataa kwamba yeye ndiye aliyefunga mlango."

Mkewe alikumbuka. Yeye ndiye aliyekuwa akimlisha baba mkwe kwa kijiko, na mzee akimwita kwa jina la dada yake aliyekufa.

"Nimeshaongea na binti yetu," Fundi akaendelea. "Nimemwambia aandae chumba, aje akuchukue. Si mimi, wewe. Ulimbeba baba mpaka mwisho, sitaki unibebe na mimi. Nimemwambia akuchukue mapema, wakati bado nakujua jina. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia kila mchana. Nilikuwa naenda kulala ili nisikuone."

"Unakoroma," alisema mkewe, na hakujua kwa nini ndilo neno lililomtoka.

"Basi na kulala nimelala. Sijui. Sijui hata hilo."

Jamani, kuna saa ambapo mtu angeweza kunyamaza hata hapo. Akili yake ilimpitishia: ukisema, duka limefungwa. Lakini alimwona mume aliyekaa mbele yake na mikono mitupu juu ya magoti, meza iko palepale na bisibisi zote ziko palepale, na akaelewa kwamba mtu huyu alishafunga duka ndani yake zamani, na aliyemfungia ni yeye, kwa ulimi wake, kila mchana. Wewe mwenyewe. Nani mwingine.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini?"

"Ni mimi ninayefungua. Ukilala nafungua, nabandua zile plastiki, napaka pesti upya, nafunga. Nyaya napitisha mimi. Skrubu nakaza mimi. Mwaka mzima. Hujasahau kitu, baba watoto. Huoni. Nilikwambia ukakataa, nikaogopa utafunga duka ufe. Kichwa chako kizima. Ni macho. Ni mtoto wa jicho, hata mtoto mdogo akikutazama anauona ukungu wake, daktari anautoa. Nilikuwa nimechoka siku ile, nikalala. Nimechoka. Nimechoka mno."

Na hapo kilio chote cha mwaka kikamtoka, cha sauti, bila aibu, kamasi na machozi, nje watu wanapita.

Fundi Baridi hakumgusa. Uso wake ulibadilika mara nyingi. Kwanza hasira, ya kweli, ambayo mkewe hakuwahi kuiona tangu waoane. Mishipa ilimsimama shingoni. "Nilikuwa nakuuliza," akasema. "Nilikuwa nakuuliza, wewe! Nakuuliza kama mtoto, unaniambia ni mimi!" Akapiga meza, skrubu zikaruka. "Usiku nilikuwa nalala nahesabu majina ya wajukuu, nione kama yote bado yamo!"

"Nisamehe."

"Nilikuwa nahesabu majina!"

  Kisha akainua mkono mmoja, akausogeza mbele ya uso wake, akaufungua na kuufumba, karibu, mbali, karibu. Alipozungumza tena sauti ilikuwa ndogo sana.

"Macho tu?"

"Macho."

"Si kichwa."

"Si kichwa, baba watoto. Wallahi si kichwa."

 Alisogeza kiti mpaka magoti yao yakagusana, akainamisha kichwa chake kile kizima kwenye mapaja ya mkewe, hapo hapo dukani, mchana kweupe, mlango uko nusu wazi.

"Sema tena," alisema.

Akasema tena. Alikuwa amechoka hata sauti haitoki, lakini kila alipoambiwa sema tena, alisema.